Wimbo wa Malaika Ulitungwa na Nani?

Siku moja, tulipokuwa tukiwafundisha watoto nyimbo za sikukuu ya shule, kijana mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, wimbo wa Malaika ni wa nani?" Tukamjibu mara moja, pasipo kufikiri, ya kuwa ni wa Fadhili William, mtu wa Kenya. Mwalimu mwenzetu, aliyekuwa akisahihisha madaftari karibu na dirisha, akainua kichwa akasema, "La, ndugu, wimbo ule ni wa Adam Salim, Fadhili aliuimba tu." Na mzee mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake akacheka, akasema kwamba tangu ujana wake amesikia kuwa ni wa yule mama wa Afrika ya Kusini, Miriam Makeba. Basi kwa swali moja tukapata majibu matatu, naye mtoto akaketi asijue la kushika. Tuliona haya, tukaanza kutafuta. Haya tuyaandikayo hapa ndiyo tuliyoyapata.

Labda wako wasomaji watakaosema, "Wimbo wa kijana na mchumba wake wahusu nini gazeti la Kanisa?" Twajibu kwamba si wimbo wenyewe tu tuutafutao, bali ni haki ya mtu. Hakuna Mkristo asiyeijua amri ya kutokuiba, aihesabu ya saba au aihesabu ya nane kama alivyofundishwa kanisani kwake. Mtu akichukua mkungu wa ndizi wa jirani yake, kijiji kizima hujua la kufanya. Je, akichukua wimbo wake? Na tena, wimbo huu tunauimba wenyewe. Katika arusi za Ngara na Biharamulo, baada ya ibada na chakula, nyimbo za kikwetu huja kwanza, kisha huja zile za Kiswahili, na Malaika haukosi kuwamo.

Tuanze na jibu la yule mzee, kwa kuwa ndilo jepesi kuondolewa. Miriam Makeba alizaliwa karibu na Johannesburg mwaka 1932, na Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao. Aliuimba Malaika pamoja na Harry Belafonte wa Marekani katika santuri yao ya mwaka 1965 iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba, na mwaka uliofuata santuri hiyo ilipewa tuzo ya Grammy. Kwa sauti yake watu wa Ulaya na Marekani waliujua wimbo huo, na wengi wao wakadhani ni wake. Lakini wakati huo ulikuwa umekwisha kuimbwa katika santuri huko Nairobi, kwa miaka mitano. Basi Makeba aliueneza, hakuuanzisha. Mzee wetu tusimlaumu, kwani alimpa wimbo yule aliyemletea masikioni, na ndivyo wafanyavyo watu wengi duniani.

Sasa tuje kwa Fadhili William Mdawida. Huyu alizaliwa mwaka 1938, na asili yake ni Taita, katika Kenya. Mwaka 1960 yeye na wenzake walioitwa Jambo Boys waliuimba Malaika katika santuri, na mwaka 1963 ukaimbwa tena na bendi ya Equator Sound, ambamo Fadhili alikuwa pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi, wenyeji wa nchi iitwayo leo Zambia. Mwenye nyumba ile ya kunasia sauti, Mwingereza Charles Worrod, aliusukuma wimbo huo uvuke bahari. Baadaye ukaimbwa na watu wengi mno: kundi la Boney M. la Ujerumani mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991, na wengine ambao kuwataja wote kungejaza ukurasa huu. Fadhili alikaa miaka mingi Marekani, akarudi kwao, akafa mwezi wa Februari mwaka 2001. Hata mwisho alishikilia neno lake, kwamba wimbo ni wake, maneno na sauti.

Na Adam Salim je? Yeye alizaliwa mwaka 1916, na watu wa upande wetu wa mpaka hupenda kumhesabu kuwa wetu. Katika miaka ya 1945 na 1946 alikuwa akikaa Nairobi. Yasimuliwa kwamba alimpenda msichana mmoja mzuri sana, wazazi hawakukubali, na msichana akaozwa kwa tajiri mmoja mwenye asili ya Asia. Ndipo Salim, kwa uchungu wake, akatunga maneno ya kumwita huyo mpenzi aliyempoteza kuwa ni malaika. Ndivyo wasemavyo wamteteao, nao si wachache. Waandishi wengi wa habari za muziki siku hizi humpa yeye heshima ya utunzi.

Kama wangekuwa hawa wawili tu, shauri lingekuwa gumu, lakini lingekuwa na mipaka. Walakini wako na wengine. Grant Charo, aliyekuwa shemeji yake Fadhili, naye alidai kuwa na sehemu yake katika wimbo huo. Na kuna wasemao kwamba mtu wa kwanza kuuimba katika santuri hakuwa Fadhili, bali Lucas Tututu wa Mombasa. Basi twaona watu wanne wameushika wimbo mmoja, kila mtu kwa upande wake, kama watu wavutao kitanda kukitoa mlangoni.

Tupime basi, neno kwa neno, kama wazee wapimavyo shauri la shamba.

Jambo la kwanza ni umri. Mwaka 1945 Fadhili William alikuwa mtoto wa miaka saba. Kama ni kweli kwamba wimbo uliimbwa Nairobi mwaka ule, basi yeye hawezi kuwa mtunzi wake, na shauri limekwisha. Lakini hapo penye "kama" ndipo penye shida. Mwaka 1945 umetajwa kwa midomo ya watu. Kati ya mwaka huo na 1960 ni miaka kumi na mitano, na katika miaka yote hiyo hatuonyeshwi karatasi wala santuri yenye wimbo huo na jina la Salim. Mtu akumbukaye leo kwamba aliusikia wimbo fulani zamani aweza kuwa mkweli wa moyo, na hata hivyo akakosa miaka. Sisi wenyewe tumesikia wazee wawili wa kijiji kimoja wakibishana mwaka wa njaa, na wote wawili walikuwapo.

Jambo la pili ni maneno ya wimbo wenyewe. Kijana ampenda msichana, ataka kumwoa, hana mali, moyo wataabika. Wamteteao Salim husema, "Tazama, hii ndiyo habari yake, alinyang'anywa mchumba kwa sababu ya mali." Ni kweli kwamba habari yapatana na wimbo. Lakini twauliza, haipatani na nani? Katika Ngara yetu, tangu zamani za majembe na ng'ombe hata leo za fedha, mahari imewasumbua vijana wengi. Wako waliotembea kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya watu, wapate kurudi na kitu cha kumpa baba mkwe. Na wengine waliporudi walikuta msichana amekwisha kuolewa, tena ana mtoto mgongoni. Kila mmoja wa vijana hao angeweza kusema kwamba Malaika ni habari yake. Shati la kipimo cha kati huwafaa wengi. Kufaa kwake si ushuhuda wa kwamba lilishonwa kwa ajili ya fulani.

Jambo la tatu ni santuri, na hapa twapenda kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Juu ya santuri, katikati, kuna karatasi ya mviringo yenye majina. Mtu akiisoma hudhani kwamba jina lililopigwa chapa hapo ndilo jina la mtunzi, kama vile jina lililo juu ya hati ya shamba ni la mwenye shamba. Lakini santuri yashuhudia neno moja tu kwa hakika, nalo ni kwamba fulani aliimba. Mambo mengine yategemea aliyeulizwa siku ile, na alivyojibu, na aliyeandika. Mwimbaji aliyefika mbele ya chombo cha kunasia sauti, akaimba vizuri, aliweza kutoka na sifa ya mtunzi hata kama wimbo aliujua kutoka kwa rafiki, au kutoka dansini, au kutoka kwa mtu asiye na nauli ya kufika Nairobi.

Haya si ya kwetu peke yetu. Huko Johannesburg mwaka 1939, Mzulu mmoja, jina lake Solomon Linda, aliyekuwa mfungaji wa mizigo katika kampuni ya santuri ya Gallo, aliimba na wenzake wimbo wake uitwao Mbube, yaani Simba. Haki yake aliiuza kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari. Waimbaji wa Marekani wakauimba kwa jina la Wimoweh, kisha mwaka 1961 kundi la The Tokens likauimba kwa jina jingine, The Lion Sleeps Tonight, ukapata fedha nyingi sana. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walisubiri hata mwaka 2006 ndipo kesi ikaisha kwa mapatano, wakalipwa. Lakini tazama tofauti yake na Malaika: kwa Linda, jina la mtunzi lilijulikana tangu siku ya kwanza, na santuri ya 1939 ipo. Haki yake ilicheleweshwa, wala mwenyewe hakupotea.

Wala Wamarekani weusi hawakusalimika. Kuna namna ya nyimbo zao za huzuni ziitwazo bluzi, zilizotoka kwa watoto na wajukuu wa watumwa katika mashamba ya pamba. Mwaka 1912 W. C. Handy alipiga chapa wimbo uitwao Memphis Blues, akauza haki yake kwa fedha kidogo sana. Wanunuzi wakatajirika, naye hakuirudisha haki hiyo mkononi mwake hata mwaka 1940. Mwaka 1914 alitoa mwingine, St. Louis Blues, na safari hiyo aliushika mwenyewe. Watu wakamwita baba wa bluzi. Ndipo mwaka 1938 mpiga piano mmoja, Jelly Roll Morton, akaandika barua gazetini kwa hasira nyingi, kwamba Handy hakuanzisha kitu, bali alichukua yaliyokuwa yakipigwa na wengine. Na Handy mwenyewe alieleza waziwazi kwamba zamani, katika stesheni ya Tutwiler huko Mississippi, alimsikia mtu mmoja akipiga gitaa kwa kukandamiza kisu juu ya nyuzi, na sauti ile haikumtoka moyoni. Mtu yule wa stesheni, jina lake halikuandikwa popote. Handy alijua kuandika muziki, mwenzake alikuwa na kisu na gitaa tu. Na dunia ikamshika ajuaye kuandika.

Tumesema kwamba mara nyingine wimbo huhama pasipo mwizi. Mfano wake tunao karibu sana. Wazee wetu wa Murgwanza na wa vijiji vya jirani hawatahitaji kuelezwa habari ya Tukutendereza. Uamsho ulipotoka Gahini katika Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaja mpaka Katoke na Ngara, wimbo huo ulikuja nao, na hata leo ndugu wakikutana njiani huuimba kabla ya salamu. Ulizeni vijana ulitungwa na nani. Mmoja atasema ni Mganda, kwa kuwa maneno yake ni ya Kiganda. Mwingine atasema ulizaliwa Gahini penyewe. Lakini ni kiitikio cha wimbo wa Kiingereza uliotungwa na mama mmoja, Louise Rouse, na sauti yake ilitungwa na Dora Boole. Hakuna aliyewaibia mama hao. Wimbo ulifasiriwa, ukapendwa, ukazoeleka kinywani, na majina yakabaki nyuma katika kitabu. Twakumbuka tulivyomweleza jambo hili mama mmoja wa kanisani, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hata hivyo ni wetu." Hatukumpinga.

Basi yawezekana pia kwamba Malaika ulikwenda hivyo: kijana mmoja aliuanza Nairobi, mwingine akauongeza, wa tatu akaupeleka Mombasa, wa nne akaupiga kwa gitaa mbele ya chombo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa KAR walirudi kutoka Burma, na wengine wao walirudi na muziki mpya. Dansi na magitaa yakaenea mijini, na nyimbo zikapita kutoka bendi hata bendi kama moto wa jirani utwaliwao kwa kigae. Katika hali hiyo hata mtu mkweli aweza kusahau ni wapi alipoutwaa wimbo, akadhani ameuota mwenyewe.

Washairi wa pwani waliijua hatari hii. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi wake maarufu mwaka 1858, aliweka ndani ya beti zenyewe jina lake na mwaka na hesabu ya beti. Aliyetaka kuiba ilimpasa kwanza avunje shairi. Lakini wimbo wa dansi hauna nafasi ya mambo hayo. Ni mfupi, ni wa kuchezwa, na mtunzi hafikiri kwamba utavuka hata mtaa wa pili.

Wasomaji watatuuliza, "Na ninyi mwasemaje?" Hatutaki kukwepa. Sisi twaelekea upande wa Adam Salim, na sababu zetu ni hizi. Ushuhuda mkubwa wa Fadhili ni santuri, na tumekwisha kuona kwamba santuri yashuhudia kuimba. Na katika kuimba hakuna amnyimaye sifa yake. Tena dai la shemeji yake lilitoka katika jamaa yake mwenyewe, nalo halimsaidii. Dai la Salim lina mtu, na mji, na miaka, na sababu. Ni dai ambalo mtu angeweza kulipinga kwa kuonyesha kwamba mojawapo ya hayo si kweli, na mwenye kusema uongo kwa kawaida hapendi kutaja mambo mengi namna hiyo. Lakini twakiri kwamba huku ni kuelekea tu, kama mti uelekeao upande wa upepo. Kama tungekuwa mahakimu wa kuamua fedha ziende kwa nani, tungeogopa.

Maana kweli fedha zimo. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hukaa muda wa maisha yake na miaka hamsini baada ya kufa kwake, nayo hurithiwa na watu wake. Kwa hesabu hiyo, kama Malaika ni wa Fadhili, warithi wake wana haki hata mwisho wa mwaka 2051. Kama si wake, hesabu yaanza katika kaburi jingine, na fedha zilizokwisha kulipwa zilikwenda nyumba isiyo yake. Wengine hudhani ubishi huu ni wa sifa tu, wa Tanzania na Kenya kutaniana kama katika mpira. Lakini katika nyumba ya mmoja wa watu hawa wako watoto waliokosa ada, na hatujui kwa hakika ni nyumba ipi.

Na haki hutaka tuseme neno moja zaidi kwa ajili ya Fadhili. Hata kama hakuutunga, alifanya jambo ambalo Salim hakulifanya: aliuimba vizuri hata watu wasiojua Kiswahili wakaupenda. Bila yeye na wenzake, labda wimbo ungalikufa pamoja na dansi za Nairobi za wakati ule, nasi tusingekuwa na kitu cha kubishania. Kama utunzi ni mbegu, kuimba ni kulima. Mkulima ana sehemu yake katika mavuno, ingawa haimpi ruhusa ya kusema kwamba aliiumba mbegu.

Tuliporudi darasani tuliandika ubaoni majina manne, na mbele ya kila jina tukaandika lile ambalo twaweza kulisema juu yake: huyu aliimba mwaka 1960, huyu yasemekana alitunga mwaka 1945, huyu ni shemeji, huyu ni wa Mombasa. Watoto wakanakili. Yule kijana aliyeuliza mwanzo akasoma ubao mara mbili, kisha akainua mkono tena. "Mwalimu," akasema, "na wimbo wetu wa shule je, ni nani aliyeutunga?"

Tukatazamana, mwalimu mwenzetu na sisi. Wimbo huo huimbwa kila asubuhi bendera ikipandishwa, na katika daftari la shule umeandikwa kwa wino mzuri, beti tatu, pasipo jina. Tuliwauliza wazee. Wawili walisema ni kazi ya mwalimu mmoja aliyehamishwa zamani kwenda Biharamulo. Wa tatu akasema la, mwalimu yule aliukuta. Tumempelekea barua huko Biharamulo, ikiwa yu hai. Jibu halijafika.